Kibati Namba Kumi na Saba

Ufuo wa ziwa penye reli ya zamani ulipofunguliwa upya, na mawe ya kukanyagia na taa za kupendeza, Absalom alijivika fulana ya kung'aa, akaning'iniza kadi shingoni (picha yake, jina la mtu mwingine), akaanza kuwauzia wageni historia. Hapa palisimama garimoshi. Pale ilitia nanga meli. Hakutaja vibanda vya samaki vilivyokuwa hapo katikati, wala tingatinga lililofika asubuhi watu wakipara samaki aina ya ngege. Historia hiyo haina wateja. Na Absalom alikuwepo: alikuwa nyuma ya tingatinga, anaokota vyuma chakavu.

Leo, chini ya mwavuli, karani aligawa vibanda vipya kwa waliobomolewa. Absalom alimtazama kwa heshima. Miaka minane ya ahadi hewa tangu ubomoaji ule ilikuwa imemfunza kwamba mtu mwenye meza, daftari na mwavuli ni tapeli mwenzake, ila wa cheo.

"Mama Nduta, bila kibati cha namba ya kibanda chako cha zamani siwezi," karani alisema. "Hicho ulichobeba si ushahidi."

Mama aligeuka, amekumbatia mkoba kwa mikono miwili. Mkoba ulikuwa mzito. Absalom hakuhitaji kuona zaidi.

"Mama, shida ni kibati tu?" Akafungua begi lake. Vilikuwemo vitano, masalio ya siku ile ya tingatinga.

Nduta akainama kuvikagua. Absalom naye akampigia simu mwenzake Aloo, kwa Kijaluo, maana mtu mwenye jina la Kikuyu kama Nduta atakijulia wapi.

"Aloo, leta boda. Kuna mama hapa, nampa kibati chochote. Namba haitalingana, watamfukuza. Sisi tunaondoka na mkoba." Akakata, akatabasamu. "Ofisi inasema uchague."

Nduta alichukua kimoja, pembe yake imeunguzwa na mafuta. "Hiki. Unataka nini?"

"Dhamana tu. Niachie mkoba, ukifaulu tutaongea."

"Mkoba wangu, baba?"

"Mimi ni afisa, mama."

Aliupapasa, akamkabidhi. "Ushike vizuri. Humo ndani mna yote niliyookoa."

Absalom alimwonea huruma hatua tatu nzima, mpaka kwenye boda.

Walifungua mkoba Nyamasaria, kando ya barabara. Ndani mlikuwa na leso, na ndani ya leso tofali. Upande mmoja lilikuwa na plasta ya buluu, iliyoandikwa kwa kidole kabla haijakauka: NDUTA, 17.

Aloo alilitazama sana. "Mzee, hii tunakula na ugali ama na chapati?"

Kesho yake Absalom alirudi ufuoni, tofali kwapani, hasira mpaka masikioni. Kibanda namba kumi na saba kilikuwa wazi, mafuta yanachemka.

"Mama, umenitapeli."

Nduta alimjibu kwa Kijaluo cha Nyalenda, alikozaliwa. "Ulisema namba haitalingana. Imelingana." Akanyoosha mkono, akalichukua tofali, akalitumia kuuzuia mlango usijifunge. "Asante kwa kuniletea."

Absalom alifungua kinywa, ila mgeni mmoja mwenye kofia alikuwa ameiona ile kadi shingoni.

"Samahani, afisa. Hapa zamani palikuwa na nini?"

Foleni nzima ya wateja ikageuka. Nduta akapindua samaki polepole.

"Mwambie," alisema. "Anza na tingatinga. Halafu umwambie nyuma yake kulikuwa na nani."