Kisanduku cha Wote

Jumanne, 8 Julai

Mambo yamenyooka! Msimamizi wa stendi hapa Ruangwa kakubali kompyuta yangu ijaribiwe Jumamosi kutangaza mabasi. Ikifanya vizuri, kazi ni yangu. Nikipata kazi, Mama Hafidha atanipa binti yake. Alishasema hamtoi kwa kijana anayeshinda kijiweni. Saturnini, mpiga debe, alicheka mpaka akakaa chini. Acheke tu. Spika nimeazima kwa jirani yangu Ausi. Kaniuliza tena pampu yake ya baiskeli niliyoiazima mwaka juzi. Ana kinyongo yule!

Alhamisi, 10 Julai

Balaa. Programu yangu ina vipande viwili, wenyewe wanaviita funksheni. Ya kwanza inaweka jina la mji kwenye kisanduku nilichokiita kituo. Ya pili inalisoma na kutangaza. Sasa ya pili inadai haijawahi kusikia kitu kinachoitwa kituo! Kumbe ya kwanza inajifungia ndani na kisanduku chake. Uchoyo gani huu? Kwetu sinia moja linaliwa na ukoo mzima.

Nikampigia Mwalimu Winfrida, aliyenifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, kule Nachingwea. Akasema funksheni zikabidhiane: moja irudishe jina, nyingine ipokee. Kurudisha! Ausi kamsimulia nini huyu mama? Nikaandika neno global kila mahali, kisanduku kiwe cha wote. Ikakubali! Mimi ni hatari.

Jumamosi, 12 Julai

Sitaki kuongea na mtu. Asubuhi nilichagua Lindi kwa basi la bluu. Ila nilikuwa nimeongeza funksheni ya kupima spika, na yenyewe inaweka Nachingwea kwenye kisanduku hichohicho. Ikapima. Halafu mashine ikanguruma: basi la bluu, Nachingwea! Mama Hafidha, aliyekuwa anawahi harusi ya mpwa wake Nachingwea, akapanda na sufuria zake za pilau. Konda akamwambia gari ni la Lindi. Akamjibu kompyuta haisemi uongo kama yeye. Akalala. Kaamkia Lindi.

Kazi nimeikosa. Saturnini hakucheka hata kidogo, alinipa pole. Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumapili, 13 Julai

Hafidha kaja analia. Mama yake anataka nimwombe radhi kwa maneno ya heshima kabla ya Ijumaa. Nisipofanya hivyo, anapokea posa ya fundi cherehani wa Nandagala. Jamani!

Jumatano, 16 Julai

Dawa imepatikana. Programu mpya ya kutuma ujumbe, funksheni mbili. Moja inamwandikia Mama Hafidha: shikamoo mama, nimekosa. Nyingine inamwandikia Hafidha maneno ya kumtuliza, kuhusu shingo yake na yale ya nyuma ya ghala la korosho. Jina la anayetumiwa liko kwenye kisanduku kimoja, cha wote. Viwili vya nini? Sikuipima, maana kupima ndiko kulikoniponza.

Nimeweka jina la Hafidha, kisha la mama yake, nikabonyeza. Zote mbili zimekwenda.

Simu inaita. Mama Hafidha! Nilijua tu atafurahi.