Siku Nilipompima Nesi Wangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mafundi cherehani wote wa soko la Kimironko.

Mimi na dereva wangu wa ambulansi tuliitwa: mama mzee ameanguka akijaribu gauni. Nikafika mbio, begi begani. Kumwona tu, nikamtambua. Ni Mama Sipesioza! Alikuwa nesi wa zahanati ya mtaa wetu kule Bujumbura, nilikokulia. Nilishinda kwenye benchi lake nikimtazama akikunja bandeji, chumba kizima kinanukia spiriti. Kazi hii niliipendea pale. Miaka yote nimetamani anione nikiifanya. (Sikutamani aanguke, tuelewane.)

Alikuwa amezinduka, ameketi, ila hakunitambua. Nikajisemea, ngoja nimpime kitaalamu kwanza, kisha nijitambulishe.

Presha iko chini kidogo. Sukari pia. Nikaingia kwenye maswali ya kuangalia kama akili imetulia.

"Jina lako, mama?" Akataja.

"Tuko wapi?"

"Kimironko, kwa washonaji."

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

Iliniuma, siku imempotea. Huyu ndiye aliyekuwa anakumbuka chanjo ya kila mtoto mtaani. Nikarudia swali polepole, kwa sauti kubwa. "Ijumaa, mwanangu." Nikapiga simu hospitali: "Namleta mama mzee, amechanganyikiwa, huenda ni kiharusi."

Fundi mmoja akainua kidole. "Muganga, samahani. Leo iko vandredi, Ijumaa kabisa."

Nikamgeukia dereva wangu. Anatazama viatu vyake. (Zamu tatu mfululizo. Kichwani mwangu ilikuwa bado Jumatano.)

Mama Sipesioza akanishika mkono, vidole juu ya mshipa. "Sasa mimi niulize. Jina lako?"

"Eriki."

"Mama yako?"

"Anastazia. Wa Bujumbura."

Akanitazama sana. "Na leo siku gani?"

"Ijumaa," nikajibu kama mtoto wa darasa la kwanza. Soko likaangua kicheko.

Nikapiga tena hospitali kusahihisha. Wakauliza, basi aliyechanganyikiwa ni nani?

Tukampa chai yenye sukari nyingi, tukaondoka naye. Njiani hakuniachia mkono. "Weye ndiye ule wa kwenye benchi," akasema. "Unapima vizuri. Lakini uwe unalala."

Nilipomkabidhi kwa wenzangu wa hospitali, nikalia kidogo nyuma ya ambulansi. Kwa hiyo msicheke. Siku niliyoingoja tangu utotoni imefika, na sikujua hata ni siku gani.