Kamati ya Mazishi Ambayo Haijazika Hata Paka

Jumatatu asubuhi, mteja wangu wa kwanza keshakaa kitini na shuka shingoni, mwenzetu tunayemwita Mfiwa akatupia habari kijiweni: makaburi ya Joburg yanakaribia kujaa, na jiji linashauri watu wakubali kulala wawili kaburi moja, mmoja juu ya mwenzake.

"Munajuana, ama munapangiwa?" akauliza mwenzetu mwingine, Jeneza.

"Mnajuana. Mke na mume, ndugu na ndugu."

"Na asiye na mtu?"

"Ndo naulizia mie," akajibu Mfiwa. "Niko hai, naoga kila siku, na bado nimekosa wa kulala naye kitanda kimoja. Sasa jiji linataka nimpate nikishaoza?"

Nikacheka mpaka mteja akajishika sikio kulilinda.

Kijiwe chetu hakina benchi wala buli la kahawa. Ni grupu la WhatsApp, na jina lake ni Kamati ya Mazishi Rosettenville. Picha yake ni mshumaa. Ukweli ni kwamba hatujazika hata paka. Sisi ni wanaume tunaopenda wanaume, tumetoka huku na huko, na tunahitaji pahala pa kusemana bila kuangalia mlango. Jina nililitunga mimi, Bakiri wa Tanga, kinyozi, ndiyo maana wananiita Katibu. Nawajua watu wetu. Grupu la mpira watalichungulia, la biashara wataomba waingizwe, lakini ndugu yako akiona grupu la mazishi kwenye simu yako anaangalia pembeni haraka asije akaombwa mchango.

Mfiwa ni Mansour wa Unguja, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huko Diepsloot. Huachwa na mpenzi kila baada ya muda mfupi, na kila akiachwa hukaa eda. Jeneza ni Balthazar, Mrundi, mlinzi wa duka Kensington. Anadai siri ikiingia kwake imezikwa, ila mtaa mzima unajua kaburi liko wapi. Wa nne ni Fiacre, Mrundi pia, anayehudumia meza kwenye mkahawa wa Wareno. Tunamwita Kwaya kwa sababu anaishi na mama yake na anaimba naye kanisani. Kila Jumamosi humuaga mama kwamba anakwenda kwenye kikao cha kamati, kumbe tunakutana chumbani kwa Jeneza, tunacheza muziki na kuwasema wasiokuwepo.

Sasa asubuhi hiyo Kwaya naye akaingia kijiweni.

"Ndugu zangu, nimekwisha."

"Umeachwa?" Mfiwa akadakia. "Karibu, nisogee kwenye mkeka."

"Kuna mutu amekufa."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu, Mfiwa. Amekufa kweli. Maiti."

Katika Kamati ya Mazishi neno hilo lilikuwa halijawahi kutumika.

Aliyefariki ni Mzee Égide, fundi cherehani wa hapa Rosettenville, mtu wa kanisani kwao, hana ndugu hata mmoja. Jana kwenye ibada mchungaji aliuliza nani atasimamia maziko. Watu wakatazama viatu vyao. Mama Hélène, mama yake Kwaya, akasimama kifua mbele akasema Kamati ya mwanawe ipo, na itazika.

"Kanisa lote lilipiga makofi," akaandika Kwaya. "Wote wakanigeukia. Nikainamisha kichwa, wakafikiri ni unyenyekevu. Nilikuwa natafuta mulango."

"Mwambie hatuna nafasi," akasema Jeneza. "Tuna misiba mingi."

"Misiba gani?"

"Mfiwa peke yake anatujaza kalenda."

"Hebu tuangalie uwezo," nikaandika mimi, maana katibu ni katibu. "Nani kashawahi kushika sepetu?"

Hakuna.

"Nani anaweza kubeba?"

"Mie kreti la soda nabebewa na wateja," akasema Mfiwa.

"Nguo nyeusi?"

"N'nayo suti. Ina vimetameta kidogo mabegani."

"Ya mazishi, Mfiwa?"

"Alinishonea marehemu mwenyewe. Nilipomwambia nataka vimetameta hakushangaa, aliniuliza tu kama aviweke na mgongoni."

"Na wewe ni Muislamu, kanisani utafanya nini?"

"Nitakaa kimya."

"Huo utakuwa muujiza kweli, vraiment," akasema Jeneza. "Donc, basi, hatuwezi kuchimba, hatuwezi kubeba. Kuna kazi hata moja ya mazishi tunaiweza?"

"Kulia," akasema Mfiwa. "Hapo tumejaa."

Jeneza akatoa wazo kwamba kamati ivunjwe leo leo, mama aambiwe tumegombana kama kamati zote zinavyogombana.

"Nikimwambia hivyo ataniuliza Jumamosi zote nilikuwa wapi," akaandika Kwaya. "Na yeye atasimama mbele ya kanisa kama mutu muongo. Mujue, hapa Joburg mimi nina mama tu. Akinifungia mulango, siogopi baridi. Naogopa asiniite tena mwanangu. Naogopa, Katibu."

Sikucheka hapo. Kaka yangu wa Tanga aliwahi kunifungia simu yake, na mpaka leo nikiona namba ya kwetu moyo unanipasuka. Nikaandika neno moja: "Tutazika."

"Tutazika," akaandika Jeneza. "Hata kama tutachimba na vijiko."

Mfiwa, kwa kutaka kumchangamsha Kwaya, akatuma stika yake ya siku zote, kijana kifua wazi kapakwa mafuta mpaka anang'aa, na chini yake akaandika: "Huyu aongoze msafara."

Papo hapo Kwaya akarudi. "Mama yuko nyuma yangu. Anataka kuongea na Kamati. Ananyoosha mukono nimupe simu."

"Mfiwa, futa hiyo kitu," nikaandika.

"Nafuta."

"Bado naiona," akasema Jeneza.

"Nishafuta mie, kwangu haipo."

"Kwangu ipo. Inang'aa."

Eish. Mfiwa alikuwa amejifutia yeye peke yake. Kijana akabaki pale pale chini ya jina la Kamati na mshumaa wake, akimsubiri Mama Hélène. Tukaona mtu anarekodi kwa simu ya Kwaya. Akarekodi kwa muda mrefu. Mimi nikazima mashine ya kunyolea, nikamwambia mteja avumilie kidogo, nikaweka simu sikioni.

"Wanangu wa Kamati, ni Mama Fiacre. Nimemuona kijana wenu, Mungu amupe shati. Musikilize. Mzee Égide hakuoa. Alikuwa na rafiki yake, Élysée, walikaa chumba kimoja tangu walipokimbia vita mpaka Élysée alipofariki. Aliniambia kwa kinywa chake, Hélène, munilaze na Élysée, kaburi moja. Wazee wa kanisa hawataki. Wanauliza hao walikuwa nani kwa nani. Jana nilitazama kanisa lote, sikuona mutu wa kuwajibu. Nikasema Kamati ya mwanangu itawajibu. Nyinyi mutaelewa bila kuuliza."

Hapo akakohoa. Nilidhani amemaliza.

"Na wewe Fiacre, usiniangalie hivyo. Hakuna mutu anakwenda kwenye kikao cha mazishi amejipaka marashi, na anarudi anaimba. Nilinyamaza, nilingoja uniambie, ukachelewa. Haya. Wazee wanafika hapa muchana huu. Muje wote, muje mapema."

Niliona Jeneza anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Nilikuwa na machozi, na sioni aibu kusema, ingawa mteja alikuwa akinitazama kwenye kioo.

"Amenirudishia simu," akaandika Kwaya. "Amenishika kichwa kama nilipokuwa mutoto. Sasa yuko jikoni. Anauliza kama Mfiwa anakula isombe, kisamvu chetu."

"Nakula," akajibu Mfiwa. "Mwambie na stika ilikuwa ya bahati mbaya."

"Anasema ameona wabaya zaidi kwenye simu yangu."

"Kwa hiyo tumelala ndani ya sanduku muda wote huu," akasema Jeneza, "tunapumua kwa shida, kumbe kifuniko mama amekifungua zamani na anatuangalia tu."

"Ngoja kwanza," akasema Mfiwa. "Mmesikia vizuri lakini? Mzee Égide kafariki, na kuna mtu anamngoja kitandani. Kafa, na bado kanishinda. Mie n'na spaza, n'na friji mbili zinafanya kazi, na sina hata wa kunisogezea shuka."

"Mfiwa, wazee wanakuja. Vaa suti."

"Navifumua vimetameta kwanza."

"Usivifumue," akaandika Kwaya. "Ni kazi ya mikono yake."

Mfiwa akakubali. "Sharp, sawa. Natoka. Ila Katibu, siku yangu ikifika, usiniweke peke yangu. Nipange hata na Jeneza."

"Mimi nakoroma," akasema Jeneza.

"Nitazoea."

Nikaweka simu mfukoni nikavua aproni. Mteja akageuka kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa safi, upande wa pili msitu, akaniuliza mbona nafunga duka. Nikamwambia nimefiwa, natakiwa kwenye Kamati ya Mazishi.

Akaangalia pembeni haraka. Kisha akavua shuka mwenyewe, akachukua kofia yake na kutoka na nusu kichwa, akitembea upesi kabla sijataja mchango.