Kasiksi ya Drocella Haitaingia Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti

Hasira. Hasira tupu! Tangu asubuhi hata jembe sijalishika.

Jumamosi Papa Muhindo anakuja na ukoo wake kumuomba Kétsia, binti yangu wa kwanza. Papa Muhindo mwenyewe, yule mufanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye magazini ya vitu na lori la Fuso pale Masisi-centre! Kijana wake Élysée anamupenda Kétsia, Kétsia anamupenda Élysée, mimi sina neno. Kinabakia kitu kimoja tu: kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wakwe wakipewa kasiksi mbaya kwa baba wa binti, wanaelewa kwamba wamefukuzwa. Wanasimama, wanarudi na mbuzi wao. Njo desturi.

Adrienne, muke wangu, amesema hakuna shida, tutaagiza kwa Mama Drocella.

Drocella! Jirani yangu hapa Muheto! Yule mama alionja kasiksi yangu kwenye komunyo ya mutoto wa katekista, akaitema mbele ya watu wote, akauliza kama nilinawa miguu mbele ya kukanyaga ndizi ao niliinawia humo humo. Watu walicheka mpaka katekista akashika nguzo. Mimi sijasahau. Sitasahau!

Nimeapa. Kasiksi ya Drocella haitapita mulango wangu. Nitazunguka Masisi yote, nionje kwa kila muntu anayekamua ndizi, nilete pombe ya kumufunga kinywa. Adrienne amesema niangalie nisije nikamufungia Kétsia nyumbani.  Mwanaume hajibu kila kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepanda moto ya Ngabo, pikipiki ya motard mwenye mudomo kuliko redio. Tumetelemuka mpaka Mubambiro, kwa Mama Uwamwezi anayeuzia pombe watu wa kambi ya askari. Mpango wangu ulikuwa wa akili sana: nijiite expert wa pombe za asili, nimetumwa na association. Expert anaonjeshwa, hanunui.

Mama Uwamwezi ameuliza association gani. Nimesema ya kimataifa. Ameuliza mataifa gani. Nimekasirika palepale! Expert haulizwi maswali.

Mwishowe amevuta murija yeye kwanza, maana kila mwenye pombe anaonja mbele, ili mugeni aone hakuna karuho, ile sumu ya watu wenye wivu. Kisha akanipa mimi. Mawe! Chachu mpaka meno yakafa ganzi. Nusu ilikuwa maji, ile nusu ingine sijui ni nini. Nimetema.

Kosa kubwa. Askari mumoja munene kwenye benchi ameuliza ni nani anatema kitu chenye yeye anakunywa tangu asubuhi. Amesema expert amalize kazi yake. Nimemaliza kibuyu. Akajaza tena. Nimemaliza tena. Nikatangaza kwamba ni pombe nzuri kuliko zote za Congo. Benchi nzima ikapiga makofi.

Kurudi, Ngabo alinifunga kwenye mugongo wake na kamba ya mpira kama gunia la maharagi. Watu wa Sake wote waliona. Barabara mbaya! Nchi gani hii haitengenezi barabara?

Jumatano, 6 Agosti

Kichwa. Kichwa! Drocella amepita kwenye njia akaniuliza kwa sauti tamu habari ya association. Ngabo na mudomo wake! Nitamushitaki, sijui bado kwa nani.

Kétsia ameniletea uji. Ameuliza polepole: Papa, anayeolewa ni mimi ao ni pombe? Nimemwambia mutoto hawezi kuelewa mambo ya heshima. Ameenda kulia nyuma ya nyumba. Nimemusikia. Nilitaka kuamka nimufuate, kichwa kikakataa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Nimepata!

Kingi, kwa Papa Ndagijimana. Muzee wa kimya, anakamua ndizi na majani kwa mikono yake, ndani ya mutumbwi wa mti wa babu yake. Anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika, anaacha. Ameonja kwanza, akanipa murija. Ee Mungu wangu. Nimefunga macho. Ni tamu, na ile harufu ya mtama inapanda kwenye pua. Drocella amekwisha!

Papa Ndagijimana amesema pombe iko bado changa, inapumua, Jumamosi njo itakomaa. Ameziba bidon mbili, madumu ya plastiki, na vizibo vya jani la mgomba. Ameniambia mara tatu nisikaze kifuniko. Nimesema ndiyo Papa, ndiyo Papa. Wazee wanapenda kurudilia.

Jani la mgomba! Binti wa mimi Bienvenu, aombwe na bidon zilizozibwa na majani kama chakula cha mbuzi! Tena muntu yeyote anaweza kuchomoa jani na kutia karuho. Na muntu yeyote ni nani? Ni Drocella, nani mwingine! Kufika kwenye kona ya kwanza nikatupa majani, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote. Ngabo amesema ile kitu inatakaka hewa, Papa. Nimemuuliza kama alisomea hewa. Akawasha moto yake.

Nyumbani nimetia sukari katika kila bidon, kilo nzima nzima, ili ipate nguvu. Kisha nimezungushia vifuniko mpira wa gurudumu, mizunguko minane, na fundo ambalo Drocella hawezi kulifungua hata kwa meno. Zote mbili chini ya kitanda. Kitanda changu! Mwizi apite juu yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelala vibaya. Kitanda kimepanda upande wa Adrienne.

Amechungulia chini, akasema bidon zimevimba. Nimesema ni nguvu. Amesema zimekuwa duara kama tumbo la ng'ombe aliyekula maharagi mabichi. Nimesema muke asiyejua pombe asiseme pombe. Amesema nifungue kidogo tu, zitoe pumzi. Ha! Nifungue, ili Drocella apate nafasi yake? Hata kidogo! Nimeongeza mpira.

Kétsia amepiga magoti, akaniomba. Kweli, magoti. Amesema: Papa, kama ni haya tu, mimi nitawapa chai. Chai! Papa Muhindo atoke Masisi-centre na ukoo mzima aje kunywa chai kwangu kama mugonjwa! Nimepiga kelele. Majirani wamesikia. Wacha wasikie.

Jumamosi, 9 Agosti

Ninaandika na mukono unaonuka ndizi. Kila kitu kinanuka ndizi.

Wamefika na Fuso, watu na mbuzi pamoja. Papa Muhindo katika costume, suti nyeupe. Nyeupe! Nimetoa bidon zangu nikaziweka katikati ya kiwanja, juani, watu wote waone jinsi zilivyojaa. Zilikuwa haziwezi tena kusimama, zinabingirika. Papa Muhindo ameketi karibu yazo kwa heshima. Musemaji wao ameanza kusema kwamba wameona ua zuri katika bustani yetu. Mimi nimeshika kisu ili nikate mpira.

Sijakata. Bidon ya kwanza haikungoja.

BWA!

Kifuniko kimetoboa bati la veranda. Na hapa kwetu penye vita, jamani, muntu akisikia bwa, haulizi mara mbili. Hakuna aliyepiga kelele. Wote chini! Kisha wamama wakakamata watoto, na kufumba na kufumbua kiwanja kikawa kitupu. Nimeona matela, magodoro ya kulalia, juu ya vichwa yakipanda mulima, matela ya Muheto nzima. Musemaji wao alipita juu ya uzio na kiti. Ngabo alipiga moto yake mpaka Kingi, akatangaza huko kwamba Muheto imeanguka.

Nimekimbia nyuma yao nikipiga kelele kwamba ni pombe, ni pombe tu! Ile ya pili ikajibu: BWA! Waliokuwa wanapunguza mwendo wakaongeza.

Nimebaki peke yangu na mbuzi wa mahari, wanaramba pombe kwenye ukuta.

Wa kwanza kurudi alikuwa Kétsia. Pagne yake mupya ya kitenge imelowa. Hajalia. Ameangalia viti vilivyoanguka, ameangalia mimi, akasema: Papa.  Nilisikia haya, ninakubali. Kisha nikawakasirikia watengenezaji wa bidon.

Papo hapo nani anatelemuka mulima, peke yake, kinyume cha watu wote wanaopanda? Drocella! Bidon kichwani, jani la mgomba kwenye mudomo wa bidon, povu kidogo, mwendo wa polepole. Amesema bunduki haina harufu ya ndizi, hajaona sababu ya kukimbia. Kumbe Adrienne alimuagiza tangu Jumatatu! Tangu Jumatatu! Ninalala na musaliti!

Watu wamerudi mumoja mumoja, matela kichwani. Papa Muhindo ametoka chini ya Fuso. Ile costume sitaisema. Ameketi, akapanguza uso, akasema koo limekauka.

Drocella ameweka bidon mbele yangu, akaninyooshea murija.  Mwenye kiwanja njo anaonja mbele, na mwenye kiwanja ni mimi. Nisipoonja, hakuna mukwe anayekunywa. Wasipokunywa, hakuna ndoa. Drocella alijua hayo yote. Macho yake yalikuwa yanacheka, kinywa kimefungwa.

Niliapa! Nilifikiri kusema tumbo linauma. Nilifikiri kuzimia, nikatafuta hata mahali pakavu. Kisha nikaona vidole vya Kétsia vimeshika pagne, vinaikunja, vinaikunja. Alikuwa anafanya vile kitambo akiwa mudogo, akiogopa radi.

Nimevuta murija.

Ilikuwa tamu. Ninaandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Tamu mpaka hasira ikanipanda upya. Nimevuta tena ili nihakikishe. Kétsia ameachilia pagne. Drocella ameuliza kwa sauti, watu wote wasikie, kama miguu yangu iko salama.

Papa Muhindo amecheka mpaka matope yakaanguka kwenye costume. Amesema amehudhuria posa nyingi, na kila mara watu wanalala chini kisha kunywa. Hii njo ya kwanza wamelala mbele ya kunywa. Amesema binti anayerudi wa kwanza wakati wote wanakimbia, huyo hamuachi kwa muntu mwingine. Mbuzi wamebaki. Ndoa ni Septemba. Élysée na Kétsia wameketi pamoja kwenye kiti kimoja kwa sababu musemaji aliondoka na kile kingine.

Nimefurahi. Nimefurahi sana, na nimekasirika sana.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Padri amehubiri juu ya divai mupya katika viriba vikuukuu. Kanisa zima limegeuka kuniangalia. Sitarudi mpaka Noeli.

Nje ya kanisa Papa Muhindo amemuomba Drocella, mbele ya macho yangu, apike kasiksi yote ya harusi. Yote! Baba wa bibi-arusi nimesimama hapo kama mti wa eucalyptus. Hakuna aliyeniuliza hata ndizi moja.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefikiri sana, kwa utulivu, bila hasira hata kidogo. Sasa ninajua kosa lilikuwa wapi.

Ni plastiki.

Pombe ilikuwa nzuri, sukari ilikuwa sawa, kukaza kulikuwa sawa. Bidon njo ilikuwa dhaifu. Basi nimepata fût, pipa ya chuma, kubwa, ya kutilia mazuti ya magari zamani, nimeiosha mara mbili. Nimekamua ndizi mwenyewe. Ndiyo, nimenawa miguu! Nimetia sukari kilo nne, maana harusi ina watu wengi. Siku ya harusi nitaitoa mbele ya ukoo wote wa Butembo, tuone Drocella atachekea wapi.

Nimeificha nyuma ya ukuta wa chumba. Kifuniko nimekipigilia na nyundo, kisha nimeita fundi, amekichomelea na moto pande zote. Hakuna karuho inayoweza kupita. Hakuna hewa inayoweza kupita!

Adrienne ameuliza ni nini kinanguruma nyuma ya ukuta tangu asubuhi. Nimemwambia ni panya. Nimesukuma kitanda karibu zaidi, ili niilinde vizuri.