Boksi la Umeme wa Hewani

Télesphore, mtu ambaye hajawahi kutoa jasho ila kwa kukimbia, alipita mtaa wa Kabondo akasikia kwaya ikishindana kelele na jenereta yake. Mate yakamjaa. Alikuwa na mteja wa Isangi, safari ya boti kutoka hapo, anayetafuta jenereta kama hiyo kwa udi na uvumba, na ameshachoka kungoja.

Jumapili akarudi na kompyuta, maikrofoni mbili na carte son, kile kisanduku cha kurekodia kinachonyonya umeme wa kompyuta kwa waya mfupi wa USB. Akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, maikrofoni zikaitika.

“Courant inatoka wapi?” akauliza Mama Georgette, rais wa kwaya, akitafuta waya wa umeme.

“Mu hewa, Mama Présidente! Iko fil,” akauliza Télesphore, akionyesha ukuta usio na waya, “inaenda ku mur? Haiko. Ordinateur, hii kompyuta, iko ya kuchunga sauti tu. Munipe groupe yenu,” akaonyesha jenereta, kisha kisanduku, “muchukue boîte. Mafuta, kwisha!”

Wanakwaya wakapiga vigelegele. Watu wazima na akili zao, tena wengine wana diploma! Télesphore akatoka nje kupokea simu, amevimba kichwa. Mama Georgette akachomoa ule waya. Taa ikazima. Akaurudisha, ikawaka, naye akarudi kitini pake.

“Bon, tumekubali,” akamwambia aliporudi. “Kuya Alhamisi, tubariki boîte.”

Alhamisi jenereta ilikuwa imeshafungwa kwenye baiskeli ya toleka, zile za kubeba abiria na mizigo, mlangoni. Ndani, kisanduku kiliwekwa mezani kando ya kompyuta, taa ikiwaka, na baraka ikaanza. Kwaya ile haipokei hata kijiko bila kila mmoja kukiombea, na kitu kinachoombewa hakiguswi mpaka amina ya mwisho. Soprano zikaomba. Alto zikaomba. Papa Cyprien wa besi akaanzia kwa Adamu.

Télesphore akachungulia kompyuta: betri ilikuwa inakata roho. Mpumbavu alikuwa ameshinda asubuhi nzima akitazama filamu! Ikizima, kisanduku kinazima, na uongo wake unabaki uchi. Akiichukua, ni yale yale. Akanyoosha mkono hata hivyo.

“Tonton, usiguse!” Mama Georgette akafumba macho tena. “Unaweza kwenda na groupe yako. Sisi tungali tunaomba.”

Akaenda. Kompyuta akaiacha, akijifariji kwamba jenereta inalipa yote. Kuijaribu? Nani ana muda huo!

Bandarini mteja akavuta kamba ya kuwashia mara tatu mbele ya watu. Kimya. Akafungua kifuniko: ndani ya bati tupu, matofali, yamefungwa vizuri kwa kitambaa cha sare ya kwaya.

Télesphore akapiga simu. “Mama, moteur iko wapi?”

“Iko hapa, papa. Inachaji ordinateur yako,” akajibu Mama Georgette, na kweli injini ilinguruma nyuma yake. “Alors usipige tena, tuko tunarekodi.”

Mteja alikuwa ameshamkaba shati, na boti la Isangi halikuwa na haraka yoyote ya kuondoka.