Shemeji Kapewa Ubalozi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Balozi! Shemeji! Muuza magodoro! Redio imetaja jina lake mara mbili. Nikadhani msomaji kakosea karatasi. Hakukosea. Dada kapiga kigelegele mpaka jirani kaja mbio kuuliza nani kajifungua. Mama analia. Mimi nikapaliwa na chai, wala hakuna aliyenipiga mgongoni.

Haya, tuulizane. Kwenye kampeni nani alipanda juu ya paa la stendi na kipaza sauti? Mimi. Nani alikaukiwa sauti siku tisa, akawa anaagiza maandazi kwa ishara? Mimi. Shemeji alikaa meza kuu, anapiga makofi ya vidole viwili, anakunywa maji ya chupa. Leo yeye ndiye mheshimiwa!

Nimempa hongera. Imetokea puani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Kama siwi balozi, basi nitakuwa mtu wa balozi. Nimemkuta dukani kwake, amekalia godoro bado liko kwenye nailoni, anajaribu koti. Nikamwambia huko aendako atahitaji mtu wa kumsemea. Akasema wapo, tena wanasema kwa zamu. Nikasema basi dereva. Akanikumbusha kwamba pikipiki yake niliiingiza dukani kwa kupitia dirishani. Kumbukumbu ya nini hiyo? Dirisha lenyewe lilikuwa bovu.

Kisha kaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba nibaki nimwangalizie duka. Mimi! Niliyehutubia uwanja mzima! Sasa nihutubie magodoro?

Jumatano, 5 Machi

Dada ameanza kutembea polepole ndani ya nyumba kama anapigwa picha. Kaniita pembeni: eti mbele za watu nisimwite mumewe shemeji, nimwite Mheshimiwa. Nikamuuliza na yeye tumwiteje. Akasema nitazoea tu. Roho iliniuma hadi kwenye meno.

Lakini kinyozi kanipa habari tamu. Kumbe jina kusomwa redioni si mwisho! Kwanza anapita mtu wa upekuzi, mtaa hadi mtaa, anauliza mwenendo wa mteule. Wakikuta uchafu, jina linafutwa, anawekwa mwingine. Mwingine! Kinyozi alisema hivyo huku ananitazama mimi. Au alikuwa anatazama kisogo changu. Yote sawa.

Uchafu ninao. Kwenye kampeni mabango ya wapinzani yalichanwa. Katibu wa tawi letu nani? Shemeji. Namaliza kazi kwa sentensi moja.

Ijumaa, 7 Machi

Mpekuzi kaja! Shati la mikono mifupi, faili kwapani. Kanikuta kwa kinyozi, akakaa kwenye benchi, akaniuliza kama ni kweli shemeji yangu ndiye aliyepanga mabango yachanwe.

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Halafu nikawaza. Aliyepanga? Yaani kazi yote ile, jasho lote lile, iandikwe ya kwake na hii nayo? Thubutu!

Nikamwambia yule hawezi kuchana hata bahasha. Ni mimi! Mabango arobaini na mawili, kwa mikono hii! Akauliza nani alinituma. Nitumwe mimi? Akili yangu mwenyewe! Akauliza kuhusu malori ya watu waliodanganywa wanapelekwa harusini, wakashushwa mkutanoni. Mimi! Na bibi harusi nikawaahidi! Nyaya za spika za wapinzani? Mimi, kwa kisu cha mkate! Na shemeji alijua? Nikacheka. Angejua angenikataza, mwoga yule.

Jamaa aliandika mpaka kalamu yake ikaisha wino, nikamwazima yangu. Kinyozi alibaki ameshika mashine inanguruma, mteja kanyolewa nusu kichwa. Akanikanyaga mguu mara tatu. Wivu huo!

Jana, Jumamosi, nilisahau kuandika. Leo ni Jumapili, 9 Machi

Nimepimwa suti. Fundi kauliza ya sherehe gani. Nikamwambia ya kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kapita! Ripoti inasema ni mtu safi, hakuhusika wala hakujua lolote, na kwamba jambo hilo limethibitishwa na shahidi wa karibu sana. Shahidi mwenyewe ni mimi!

Kaja nyumbani, kanikumbatia mpaka mbavu zikalia, machozi yanamlenga. Kasema hakujua kama nampenda kiasi hiki, kwamba kuna mtu alishamsingizia mabango yale na jina lake lilikuwa linaning'inia. Mama kasema hatimaye mdomo wangu umefanya kazi ya maana. Dada kaniita mdogo wangu kipenzi. Sijawahi kusifiwa nikaumia hivi.

Alasiri mwenyekiti wa tawi kaniletea barua. Nimefukuzwa uhamasishaji. Eti nimekichafua chama.

Alhamisi, 13 Machi

Wameondoka asubuhi. Nasikia Dada aliwapungia watu kwa kiganja tu. Sikuwaaga, maana saa hiyohiyo nilikuwa nimeitwa kituoni. Askari wa mezani alikuwa na karatasi za mpekuzi. Akasema mambo matatu haya yanatosha kunipeleka mahakamani, na ninyamaze mpaka nipate mtu wa kunitetea. Mwenyewe nikaona ni ushauri mzuri. Nikanyamaza. Dakika nzima!

Halafu akajisemea tu, anafunga faili, kwamba bado wanatafuta aliyeng'oa kibao cha chuma cha ofisi ya wapinzani akakitupa mtaroni. Akasema huyo lazima alikuwa jasiri kweli, na kwamba wanamshuku dereva wa lori la tawi.

Dereva! Mtu ambaye hajawahi kuwa na wazo tangu azaliwe! Kibao kile sijakigusa, siku ile nilikuwa nimelala na homa. Lakini sifa kubwa kama ile iende kwa dereva?

Nikavuta kiti. Nikamwambia afungue faili, aandike: nilikibeba peke yangu, kwa mkono mmoja.