Kiwango ni Moja Nukta Tano

Fahali wa Maksi alikuwa mzuri kuliko mafahali wote wa wilaya ya Mbulu, na kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwepo. Maksi alimbuni mwezi wa saba, akiwa amekaa kwenye kigoda nyumbani kwa Mzee Tomaso kule Tlawi, siku aliyokwenda kumposa Sara. Mzee alimuuliza, "Mahari unayo, au una maneno?" Maksi alikuwa na maneno. Akamsimulia habari za fahali mwekundu anayemfuga huko bondeni Hanang, mwenye nundu kubwa na doa jeupe katikati ya paji la uso. Alimsimulia vizuri mno. Mzee Tomaso akampenda yule fahali kuliko alivyompenda Maksi mwenyewe, akampa na jina, Mheshimiwa, akataka aletwe kabla ya mvua za kwanza.

Jina kamili la Maksi lilikuwa Maximilian Akonaay, na vyeo alivyowahi kushika katika maisha yake ni vitatu: bwana mifugo, mkaguzi wa mizani, na, kwa siku mbili za msiba mmoja uliokuwa na chakula kizuri, mpwa wa marehemu. Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi moja Mbulu mjini, akimsubiri mtu yeyote wa kumdanganya, mara akamsikia mtu wa idara ya maji akizungumza na rafiki yake.

"Bondeni Hanang bado tunazunguka," alisema yule wa maji. "Floraidi huko ni balaa. Kiwango ni moja nukta tano. Kisima kikizidi hapo, watu hawaruhusiwi kunywa, kinabaki cha mifugo."

"Na mnajuaje kimezidi?"

"Tunachukua sampuli, tunapima."

Maksi hakujua floraidi ni mnyama gani, ila kazi yake aliijua: ndiyo iliyowapa watu wa bondeni meno ya rangi ya chai. Neno lililomgusa moyo ni sampuli. Shuleni aliwahi kumfanyia mwenzake mtihani wa hesabu, wakafeli wote wawili, lakini wazo lilikuwa zuri. Kwa nini maji yasifanyiane mtihani?

Siku ileile aliazima pikapu ya binamu yake Alex, akachota chupa moja kwenye chemchemi ya Mzee Tomaso, maji matamu yasiyo na lawama, akateremka mpaka kijiji cha Gidabura.

Kamati ya maji ilimpokea chini ya paa la mashine ya kisima. Mwenyekiti alikuwa Mama Kornelia Hhando, bibi wa miaka sabini kasoro, na pembeni yake alikaa katibu, Mzee Agustino, na daftari lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa serikali, mama."

"Serikali imezaa wengi. Kaa."

Maksi akakaa, akawaeleza kwa uchungu mkubwa jinsi kisima chao kitakavyofeli. Kisha akainua chupa. "Lakini haya yamesoma. Mkaguzi akija, mnampa hii, mnasema imetoka hapo. Kisima kinafaulu, cheti kinakuja, na mimi mnanipa yule."

Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye ua. Pale palikuwa na fahali mwekundu, nundu kubwa, doa jeupe katikati ya paji la uso. Maksi alimwona wakati anaegesha gari, akashtuka kama mtu aliyekutana na uongo wake mwenyewe ukila majani.

"Kwa nini chupa kubwa hivyo?" aliuliza Mzee Agustino. "Ya nusu lita haitoshi?"

Maksi akaitazama chupa. Ubavuni iliandikwa lita 1.5.

"Sheria hiyo, mzee wangu. Kiwango ni moja nukta tano. Pungufu ya hapo ni kosa."

Mama Kornelia akamwomba arudie polepole, Agustino aandike vizuri. Maksi akarudia. Wakamwomba asaini, akasaini kwa mbwembwe: *M. Akonaay, Afisa Viwango Mkuu*. Cheo cha nne hicho, na ndicho kilichomponza.

Siku ya tatu simu ikaita. "Mwanangu," alisema Mama Kornelia, "mkaguzi yuko hapa. Ongea naye."

Ikaja sauti kavu ya mwanamke. "Naitwa Judica. Sampuli yenu ni nzuri sana, ila ni pungufu. Gidabura ina watu mia nne na kumi na wawili. Kiwango ni moja nukta tano kwa kila mnywaji. Jumla lita mia sita na kumi na nane."

"Afisa, mimi nilielewa ni chupa moja kwa kisima."

"Nani kakwambia? Nina daftari hapa, kiwango kimesainiwa na Afisa Viwango Mkuu. Unampinga?"

Maksi hakuwa tayari kumpinga Afisa Viwango Mkuu. Alimheshimu mno.

"Na iwe kila siku," Judica aliendelea, "kwa siku thelathini. Maji yana tabia ya kubadilika."

Mtu mwenye akili angezima simu akaoa kwingine. Lakini Maksi alimpenda Sara kwelikweli, hilo ndilo jambo pekee ambalo hajawahi kulidanganya, na mvua zilikuwa zinakaribia. Akatafuta mapipa matatu ya lita mia mbili na dumu moja la ishirini, lita mbili zikiwa za kumwagika njiani.

Mzee Tomaso alimkuta kwenye chemchemi. "Maji yote haya ya nini?"

"Ya Mheshimiwa, baba. Yale ya bondeni hayagusi kabisa."

"Mapipa matatu kwa siku?"

"Ana kiu, baba. Ni ile nundu."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. "Fahali mwenye msimamo. Chota, mwanangu, chota."

Basi Maksi akachota. Aliteremka mlima na mapipa yaliyojaa, akapanda na mapipa matupu, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Alikonda. Pikapu ilianza kutoa milio ambayo Alex hakuwahi kuisikia. Siku ya sita alichelewa kuondoka Gidabura, akaona jambo la kutisha: watu wamepanga mstari na vikombe.

"Mama! Sampuli inanywewa!"

"Inapimwa," alisema Mama Kornelia. "Kila mtu anapima kiwango chake. Si wewe uliyesema?"

Mbele ya mstari alisimama msichana wa miaka mitano hivi, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili. Miguu yake ilikuwa imeanza kupinda kuanzia magotini. Mama Kornelia akamshika bega.

"Huyu ni Irene, mjukuu wangu. Daktari kule Haydom alituambia tumbadilishie maji mapema, miguu isizidi. Nikarudi nalia njia nzima. Nimbadilishie na yapi?"

Irene akanywa mpaka tone la mwisho, akasema maji hayana ladha, akaomba tena. Maksi alisikia kitu kinambana kifuani. Ilikuwa huruma, ila kwa kuwa hakuizoea alidhani ni njaa, akaomba makande. Kesho yake, kabla ya kuchota, aliyasuuza mapipa yote kwa mchanga na maji safi, na hakuna aliyemwagiza.

Siku ya thelathini alikuta kijiji kizima kimezunguka bomba jipya linalomwaga maji. Mama Kornelia alikuwa ameshamfungua fahali, kamba mkononi.

"Na cheti?" Maksi aliuliza, kwa mazoea tu.

"Cheti hakuna, mwanangu. Kisima chetu kilipimwa kabla hujaja, kikatoka tatu nukta nane. Tukaambiwa kibaki cha ng'ombe, maji ya mlimani yatafika baada ya mwezi. Tulikuwa tumekaa pale tunawaza huo mwezi tutakunywa nini, ndipo ukaja wewe na gari."

"Na mkaguzi Judica?" Maksi aliuliza.

"Mama yake Irene. Anafundisha hesabu darasa la nne."

"Sasa fahali mnanipa wa nini?"

"Si umebeba maji?" Mama Kornelia akashangaa. "Sisi si matapeli."

Maksi alipanda mlima na fahali nyuma ya pikapu, akiimba. Alikuwa ametapeliwa mwezi mzima na mwalimu wa darasa la nne, lakini Mheshimiwa alikuwepo, ana uzito, ana mkia, na ananya kwenye gari la Alex.

Mzee Tomaso alimpokea fahali akiwa amevaa koti la kanisani, Sara amesimama mlangoni. Alishika nundu, akapapasa doa, macho yakamlenga machozi. Kisha, kama afanyavyo mfugaji yeyote, na kama Maksi mtoto wa mjini asivyofanya, akamfungua mdomo.

Meno yalikuwa ya rangi ya chai, yamelika mpaka karibu na fizi.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Minne, baba."

"Kwa meno haya? Huyu amezaliwa mwaka mmoja na Sara!"

"Si uzee, baba, ni maji!" Maksi alirukia. "Maji ya bondeni yana floraidi, tatu nukta nane, yanaharibu hata meno ya ng'ombe, ndiyo maana..."

Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa.

"Maji ya bondeni," alisema Mzee Tomaso taratibu. "Yale asiyoyagusa kabisa." Akautazama tena ule mdomo. "Mapipa matatu kwa siku, siku thelathini, na humu halijaingia tone. Maji yangu yalikwenda wapi?"

Maksi alitafuta uongo, asipate hata mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea akasema ukweli: watu mia nne na kumi na wawili, kila mmoja na kikombe chake, daftari, Irene, mwalimu wa hesabu. Aliusema vibaya, akikwama na kurudia.

Mzee Tomaso alimsikiliza mpaka mwisho. Akamfunga fahali mdomo kwa upole.

"Maximilian, anayeposa hudanganya kidogo. Hata mimi nilidanganya. Lakini kila kitu kina kiwango. Uongo mmoja na nusu ningeumeza. Eti kijiji kizima kinakunywa sampuli!" Akashika kamba. "Huyu anabaki, ameteseka vya kutosha. Wewe kanitafutie mwingine, mwenye meno."

"Baba, hii ndiyo kweli!" Maksi alilia kabisa, machozi ya haki. Mlangoni Sara alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko.

Mzee akamwongoza Mheshimiwa mpaka chemchemini, akamwekea ndoo. Fahali akanywa hadi nusu, akashiba, akainua kichwa.

"Nusu ndoo," alisema Mzee Tomaso. "Si mapipa matatu."